Karatasi Zilizovuka Mto

Yogyakarta, 7 Julai 2003

Bu Bidan Tumini, mama mkunga wetu,

Assalamu alaikum. Pak Wagiman wa basi atakukabidhi furushi hili mkono kwa mkono, maana nimemwambia likipotea asinionyeshe uso. Mna madodoso ya karatasi, bahasha, na ile kompyuta ya mkononi niliyokuonyesha nilipokuja nyumbani.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mjamzito wa Sendangklopo atajibu maswali yale yale mara mbili kila wiki. Kwanza kwenye karatasi, nyumbani kwake, peke yake. Akimaliza anaifunga bahasha mwenyewe. Siku chache baadaye anakuja kituoni kwako kujibu tena kwenye kompyuta, ambayo husoma swali kwa sauti na kumngoja abonyeze ndiyo au hapana. Kichwa kinauma? Macho yanaona vimulimuli? Uso na mikono imevimba? Mtoto amepunguza kucheza? Majibu yakiwa mabaya kioo kinakuwa chekundu na kompyuta inalia. Hapo mpime presha, kisha apelekwe hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Kioo kikiwa kijani, mwache aende zake. Huna haja tena ya kumpima kila mmoja, Bu. Wewe ni mmoja na matumbo ni ya kijiji kizima. Nataka mashine ikupunguzie mzigo.

Karatasi hazifunguliwi. Si na wewe, si na mimi. Niletee kwa basi la kila Jumatatu, nami nitazifungia kwenye kabati la chuma hadi mwisho wa Septemba. Hapo tutazilinganisha na kompyuta kwa mkupuo mmoja, tujue kipi cha kuaminika. Tukichungulia mapema tutaanza kuwatendea kina mama kwa tuliyoyasoma, na ulinganisho utakuwa umekufa.

Mdogo wangu Wigati yumo. Unajua alivyopoteza mimba mbili. Mchunge, lakini usimpendelee; kwa utafiti huu yeye ni mama kama wengine. Simu bado hazishiki nyuma ya mlima, basi tuandikiane.

Wako mtiifu,
Hanung


Sendangklopo, 21 Julai 2003

Mwanangu Daktari,

Waalaikum salaam. Nakuita mwanangu kwa sababu mtu niliyemkamua majipu akilia kama mbuzi siwezi kumwogopa hata akisoma mpaka Jakarta.

Kompyuta yako imeshapewa jina. Wanaiita Mbea. Jumatano ya kwanza ilikaa mezani ikauliza kwa sauti ya dada wa redioni, "Je, mtoto amepunguza kucheza tumboni?" Benchi zima likashtuka, kila mmoja akajipapasa tumbo na kuomba mabaya yapite mbali. Mkwe mmoja akaniuliza, "Bu Bidan, hicho kidude kinatuapiza au kinatupima?" Nimejaribu kuipunguza sauti, inazidi kunong'ona, ndiyo mbaya zaidi.

Lakini karatasi! Karatasi wanazipenda sijui kwa nini. Wanazibeba kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Wanafunga bahasha kwa wali uliopondwa, na nyingine zimetuna. Nimeminya moja nikasikia harufu ya langilangi. Nikamuuliza Mbok Ginem, mama mkwe wa Wigati, "Mnamwandikia Daktari au mnamposa?" Akacheka kwa meno yake mekundu ya tambuu. Nimewakataza kutia maua. Wametia.

Sasa jambo la maana. Mbea ni kijani tu. Mama wa kwanza kijani, wa pili kijani, mpaka wa mwisho. Nimezalisha milima hii miaka ishirini na tatu, sijaona wajawazito wa kijiji kizima wasioumwa hata kichwa, tena msimu wa kuvuna tumbaku. Nilipokuwa nawauliza mwenyewe walinung'unika mpaka masikio yangu yakachoka. Ama mashine yako imewaponya, ama kuna jambo. Kimya kingi kina mshindo, mwanangu.

Dada yako mchangamfu, ananitania kila akija. Kijani naye.

Bidan Tumini


Sendangklopo, 28 Julai 2003

Mas Hanung, kaka mchoyo wa barua,

Unawaandikia wakunga kurasa mbili na dada yako wa tumbo moja unampa salamu za mgongo wa bahasha! Haya, nimesamehe, kwa kuwa nina furaha.

Tumeshafanya sherehe ya mwezi wa saba. Walinimwagia maji ya maua saba nikatetemeka kama kuku wa mvua, mume wangu Parjan akapasua nazi kwa pigo moja, na wazee wakasema ilivyopasuka ni mtoto wa kiume. Parjan tangu hapo anatembea kama lurah, mkuu wa kijiji. Namwambia, "Ngoja kwanza aonekane, ndipo uvimbe kichwa." Mas, huyu nahisi anakaa. Wale wawili hawakufika hapa. Huyu kanifikisha mpaka kwenye maua.

Nimenenepa, utanicheka. Uso umekuwa mwezi mpevu wa siku ya kumi na tano. Pete ya ndoa ilinibana, Mbok akaitoa kwa sabuni na matusi, sasa naivaa shingoni kwenye uzi. Mbok hanipi nafasi ya kukaa bure, lakini hanipi kazi ya jua pia. Nakaa kivulini napanga majani ya tumbaku, Parjan anakata, Mbok anaanika kwenye vichanja.

Halafu karatasi zako. Kumbe ndugu yangu umesoma kweli! Tulidhani ukienda chuo utasahau ya kwetu, kumbe umeyarudisha kwa ujanja, na mihuri juu yake. Nilipoituma ya kwanza na basi likavuka daraja la mto Progo, nilijisikia mwepesi, nikalala usiku kucha. Wenzangu vilevile. Mbok anasema hajawahi kuona daktari mwenye adabu kama wewe.

Ila kile kidude kinachoongea, Mas, hicho kimekosa haya. Usikasirike nikisema.

Mdogo wako,
Wigati


Yogyakarta, 4 Agosti 2003

Dik Wigati, mwezi wa kumi na tano,

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu ofisini mpaka karani akachungulia. Kula, nenepa, mwache Parjan atambe. Mjomba nimeshanunua kofia ya kitoto, ya rangi ya chungwa, kwa kuwa sikujua ni wa kike au wa kiume na nilikuwa siamini nazi. Sasa naiamini.

Unayosema kuhusu karatasi yamenifurahisha kuliko unavyodhani. Wataalamu wameshaandika kwamba mtu akiyaweka maumivu yake kwenye karatasi hupata nafuu, kama aliyezungumza na rafiki. Nitamwambia Profesa wangu. Ila waambie wenzako wapunguze maua. Kabati langu lote linanukia kama chumba cha biharusi, na sisimizi wamenifuata mpaka kwenye droo. Kuna mtu alitia sukari!

Nimeona majibu yako ya kompyuta, aliyoninakilia Bu Tumini: kijani mara zote. Huwezi kujua nilivyopumua. Nilikuwa nikiota yale ya mwaka juzi, wewe kwenye kile kitanda cha hospitali umegeukia ukuta. Safari hii mashine inakulinda hata nikiwa mbali.

Tarehe kumi na tisa nakwenda Jakarta na Profesa kusoma matokeo ya awali mbele ya wakubwa. Wakiyapenda, vifaa hivi vitapelekwa milima yote. Niombee.

Mas wako,
Hanung


Sendangklopo, 11 Agosti 2003

Daktari Hanung,

Leo sina utani.

Suratmi wa kitongoji cha juu alishikwa na kifafa cha mimba Ijumaa, katikati ya kupepeta mchele. Walinijia mbio. Nilimkuta meno yameuma ulimi, presha imepanda hadi nikadhani kipimo kimeharibika. Tumemshusha hospitali kwa lori la tumbaku. Yeye yu hai. Mtoto wake tumemzika Jumamosi.

Jumatano iliyotangulia alikaa mbele ya Mbea. Mimi mwenyewe nilisimama hapo. Kichwa? Hapana. Macho? Hapana. Uvimbe? Hapana. Kijani. Nilitazama miguu yake nikataka kumfunga mkanda wa presha, nikakumbuka sheria yako, nikamwacha aende. Kichwa chake kiliuma siku ngapi? Mumewe anasema alikuwa akijifunga kitambaa usiku. Kwa nini aliinyima mashine ukweli?

Siku ya Jumamosi kabla yake alileta bahasha. Ipo kwenye kabati lako. Ifungue, mwanangu. Hiyo moja tu. Nataka kujua aliiambia nini karatasi.

Tangu Ijumaa ile nampima kila anayekanyaga kizingiti changu, kijani au si kijani. Tatizo limeshaanza: wamesikia, na hawakanyagi. Wanasema Bu Bidan sasa anatafuta watu wa kupeleka kupasuliwa. Jana nilimwita Wigati, hakuja. Nilipanda mpaka kwake. Mbok Ginem akaniambia amekwenda kwa shangazi yake. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi naongeza kwamba naye anayefichiwa hazalishi.

Bidan Tumini


Yogyakarta, 15 Agosti 2003

Bu Tumini mpendwa,

Poleni sana. Nimemwombea Suratmi na mtoto wake.

Bu, siwezi. Nimekaa na barua yako siku nzima, nikaenda hadi kwenye kabati nikashika kitasa. Lakini nikiifungua moja nimezifungua zote. Profesa amenikumbusha kwamba kina mama wa milima mia watafaidika na jibu la haki, na jibu la haki haliji kwa kuchungulia. Ugonjwa huu unaweza kuzuka kwa siku mbili. Huenda Jumatano ile Suratmi kweli hakuumwa. Na kama aliidanganya kompyuta, Bu, kwa nini asiidanganye na karatasi? Karatasi haina macho zaidi ya mashine.

Kupima presha pima, sikukatazi tena. Nilikosea kukuwekea ile sheria. Kuhusu Wigati usihangaike, ni msimu wa mavuno na Mbok Ginem anamlinda kama yai. Kijani chake nimekiona kwa macho yangu.

Narudi kutoka Jakarta mwanzoni mwa Septemba. Wiki chache tu, Bu. Tuvumilie.

Hanung


Sendangklopo, 18 Agosti 2003

Mas Hanung,

Jana tulisherehekea Uhuru. Parjan alipanda ule mlingoti uliopakwa mafuta, akafika nusu, akateremka na suruali ya jirani mkononi. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Alikuwa amenyamaza, nikafurahi kumsikia.

Nakuandikia jambo, na usimwambie Bu Tumini. Alipokuja kunitafuta nilikuwa nyuma ya vichanja vya tumbaku, nimejibanza kama mwizi wa kuku. Nilimwonea huruma, alipanda kilima kile kwa magoti yake mabovu. Lakini akinipima atanipeleka kule hospitali, na kule ndiko wa pili aliponitoka. Sirudi, Mas. Huyu atazaliwa hapa hapa, harufu ya kwanza aisikie ya tumbaku.

Tena sina haja ya kupimwa, maana nimeshayapeleka yote kwako. Mbok ananisimamia kila Jumamosi: niandike kila kitu, nisibakize hata kidogo, kwa sababu nuksi iliyobaki ndiyo inayozaa nyingine. Kichwa nimeandika. Macho, vile vimulimuli vinavyonijia hata mchana, nimeandika. Mikono, na hii inayonibana chini ya mbavu. Naweka ua la langilangi la kufungia njia na sukari kidogo ya kuifurahisha, nafunga kwa wali, basi linavuka mto na nuksi inavuka nayo. Zamani bibi alikuwa anaweka nywele na kucha kwenye kijikapu akakitupa mtoni, unakumbuka? Tulikimbia ukingoni kukitazama kikienda. Mbok anasema yako ni bora, kwa sababu mto unaweza kukwama, ila wewe unafungia kwenye chuma.

Mbea ni kitu kingine. Mbea anakaa hapa hapa kijijini, mezani kwa Bu Tumini. Ukimwambia ubaya umeuacha nyumbani. Hakuna mwanamke mwenye akili atakayemwambia "ndiyo". Tunasema hapana, hapana, mpaka anafurahi na kuwa kijani.

Ila wiki hii kichwa kimerudi kabla basi halijafika. Mbok anasema labda niliandika kwa herufi ndogo. Karatasi inayokuja na barua hii nimeandika kubwa kubwa, na nimeibonyeza penseli mpaka ikakatika. Itunze vizuri, Mas. Usiiweke karibu na mlango.

Kofia ya chungwa iwe kubwa. Watoto wa kwetu wana vichwa.

Wigati


Yogyakarta, Jumanne 2 Septemba 2003

Bu Tumini,

Pak Wagiman amekubali kuliondoa basi leo, siyo Jumatatu, ndiye anayekuletea hii. Amesimama mlangoni, naandika kwa haraka.

Nimerudi kutoka Jakarta jana usiku. Asubuhi hii nimekuta barua ya Wigati mezani, ya tarehe kumi na nane. Ilifika nimeshaondoka, ikakaa hapo siku zote hizi, nami nikiwa jukwaani nawaambia wakubwa kwamba wanawake wa milimani kwetu ni wazima.

Nimevunja kabati, Bu, ufunguo sikuuona. Nimezifungua zote. Sakafu imejaa maua makavu. Pak Wagiman ameingia akanikuta nimepiga magoti katikati yake, sijui amefikiri nini. Wamesema kila kitu. Kila walichoinyima mashine wameipa karatasi, kwa mwandiko mzuri, kwa subira, wakidhani wanakitupa. Suratmi aliandika kichwa tangu Julai. Na Wigati, Bu, Wigati ni ndiyo kutoka juu mpaka chini, mara zote. Kwenye ya mwisho ameandika pembeni, "Nenda nayo mbali, Mas."

Mtafute sasa hivi. Yuko nyuma ya vichanja. Mbok akikuzuia mpite. Mchome sindano ya kuzuia kifafa, mshushe hospitali ya wilaya kwa gari lolote. Nawapigia simu sasa wamngoje, nami nakwenda huko moja kwa moja. Nyuma ya ukurasa huu nimeandika majina ya wengine ambao hawawezi kusubiri. Wapitie nyumba kwa nyumba.

Niliambiwa nifungue nikakataa. Hilo najua.

Hanung


Sendangklopo, 15 Septemba 2003

Mwanangu Hanung,

Uliyoyaona hospitali sikuelezi tena. Uliondoka bila kuaga na sikulaumu. Mtu akigeukiwa ukuta na dada yake, atamuaga nani? Nakwambia usiyoyaona.

Barua yako ilinikuta mchana. Nilikimbia na magoti yangu haya. Lakini Wigati alikuwa ameshaanguka asubuhi ile, kwenye mkeka wa majani, Parjan amemkumbatia na kisu cha kukatia tumbaku bado mkononi. Walikuwa wanangoja atulie. Sindano ilimtuliza. Daktari wa wilaya amesema tungechelewa saa nyingine tungezika wawili. Kwa hiyo barua yako ilimwokoa dada yako. Lishike hilo, kwa sababu huku hakuna atakayekwambia.

Mtoto alikuwa wa kiume, kama nazi ilivyosema. Parjan amemzika ng'ambo ya kichanja. Kofia uliyoiacha hospitali nimempa Parjan.

Sasa sikiliza. Pak Wagiman alipofika alisimulia alichokiona: Daktari amepiga magoti, kabati limevunjwa, bahasha zote wazi, maua chini. Wakamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema asubuhi, jua limeshapanda kidogo. Wakatazamana. Asubuhi, jua limeshapanda kidogo, ndipo Wigati alipoanguka.

Mbok Ginem hakulia. Alisema, "Tulimpa ayafungie, akayafungulia." Basi. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimesema hivyo hivyo. Nimewaeleza mpaka sauti imekauka kwamba ulifungua kwa sababu alikuwa mgonjwa, hakuugua kwa sababu ulifungua. Wananisikiliza kwa adabu. Wananipa chai.

Nilipita na orodha yako nyumba kwa nyumba. Wawili walikubali kushuka hospitali, na wote wawili wamezaa salama, Mungu ashukuriwe. Wengine walijifungia ndani. Yule wa nyumba ya mwisho juu, miguu yake imejaa kama magogo, nilimuuliza mlangoni, "Kichwa kinauma?" Akaniambia "Hapana, Bu" huku ameshika ukuta asianguke. Nimemwomba, nimemtisha, nimemlilia. Mumewe akanisindikiza mpaka njiani, taratibu, kama mgeni.

Karatasi za wiki hii ninazo hapa. Umesema zisifungwe tena, basi hazijafungwa. Zote ni hapana. Mbea naye ni kijani. Hatimaye vinafanana, Daktari, utafiti wako umefaulu. Nimezinusa moja moja. Hazinukii chochote.

Nina hofu na kila mlango ninaoupita. Zamani walinificha mimi peke yangu. Sasa hawana hata pa kuyatupa. Njoo. Hata wakikufungia mlango, njoo.

Tumini


Sendangklopo, 22 Septemba 2003

Mas Hanung,

Bu Tumini amenisomea barua yako ya kunieleza, kwa kuwa jicho la kushoto bado lina ukungu. Nimekuelewa. Umesema presha, umesema figo, umesema ilikuwa ndani yangu tangu zamani na karatasi haikuitoa wala haikuirudisha. Mimi si mjinga, nilimaliza sekondari.

Lakini nikilala nakuona umepiga magoti. Ninazihesabu bahasha zangu, naona unapasua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ile niliyoivunjia penseli. Nilikuomba kitu kimoja tu, Mas, uende nayo mbali. Ungengoja nizae kwanza. Kwa nini ulifungua?

Najua utajibu. Una majibu mazuri siku zote. Usiniandikie, maana Mbok hataki barua kutoka ng'ambo ya mto ziingie nyumba hii, na mimi sitaki kugombana naye. Ndiye anayenishika mkono kwenda kisimani.

Parjan anasema tutajaribu tena mvua zikija. Bu Tumini ameniletea dodoso jipya, anasema lile la waliojifungua, ni la wizara, lazima. Nimelijaza mwenyewe kwa jicho moja, naliambatanisha hapa ili usimsumbue mama wa watu.

Kichwa? Hapana. Macho? Hapana. Uvimbe? Hapana. Usingizi? Ninalala. Huzuni? Hapana. Mawazo ya kujidhuru? Hapana.

Kila kitu hapana, Mas. Iko wazi, sikuifunga. Huna cha kufungua.

Wigati